Boriti Zisizobeba Kitu

Kindu, Alhamisi. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na moyo wangu hauna pa kujikinga.

Leo fundi mwashi tuliyemwita kutoka Kailo alilizunguka kanisa letu, akaingiza ngumi nzima katika ufa wa ukuta wa kusini, akanigeukia. "Mwalimu, mufunge hii kanisa. Mvua moja tu ya nguvu, inaanguka."

Mimi ndiye msemaji wa waumini. Jumapili sina budi kuwaambia.

Kanisa letu lina babu yake Uholanzi. Padri aliyelijenga alitusimulia tulipokuwa watoto wa katekisimu: mjini kwao, tangu Enzi za Kati, linasimama kanisa la matofali juu ya udongo laini. Dari la mawe lingelizamisha. Kwa hiyo waunda merikebu waliliwekea dari la mbao, mfano wa mtumbwi uliopinduliwa. Chini yake, boriti nene zinavuka toka ukuta hadi ukuta. Kwa kulikumbuka lile, akajenga hili, kando ya Lualaba, ambako udongo nao ni laini.

Boriti zetu hazikubeba kitu. Ndivyo tulivyoona.

Wakati wa vita, mji ukiwa umezingirwa na mitumbwi yote imechukuliwa, Mama Feza alishikwa na uchungu humo kanisani tulimokimbilia. Mkunga alikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli. Tukainua macho.

"Ile miti haiko nabeba kitu," mtu akasema. "Tukate!"

Tulizikata zote, tukazifunga kwa kamba ya kengele, zikawa chelezo cha kuvukia mto. Mama Feza akavuka. Mtoto wake Neema akazaliwa. Wengi wakavuka baada yao.

Leo fundi amenieleza: hazikubeba, zilishika kuta. Tangu tuzikate, paa linazisukuma kuta nje, polepole, nasi tukiimba ndani.

Neema anafunga ndoa humo mwezi huu. Nilikwenda kumwambia mama yake jioni.

"Mwalimu, unataka mutoto wangu aolewe inje, sawa mbuzi ya soko?" Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho. "Ile miti iliniokoa. Sasa ni ile ile inamufukuza mutoto?"

Niliaga, nikarudi mvuani. Mimi, ninayesifiwa kwa maneno.

Najiuliza: lau tungalijua siku ile zinashika nini, tungaliziacha?

Tungalizikata.

Hilo ndilo nitakalosema Jumapili, uwanjani, mlango ukiwa umefungwa nyuma yangu, Neema akiwa mbele yangu.

Mvua inaongezeka. Nasikiliza upande wa kanisa.