Mbolea ya Maua

Jumatatu, 3 Machi 2025

Fred amekata migomba. Si ndizi tu — migomba! Hata ile michanga ambayo haijawahi kuzaa. Nimeamka nikakuta shamba zima limelala chini, naye katikati, kifua wazi, anapanga mikungu kama anapakia lori. Hajalala tangu Ijumaa. Hali chakula. Anaongea tu na kusaga meno. Eti kuna watu ndani ya majani wanamrekodi. Mdogo wangu huyu, dereva wa lori la ndizi, mtu wa kuchekacheka!

Mama anasema amelogwa. Anayetajwa ni jirani yetu wa kule chini, yule yule wa kila mwaka. Kuku akifa ni yeye. Mvua ikichelewa ni yeye. Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimetaka kufua suruali ya Fred. Mfukoni, kipakiti cha kumetameta: "Mbolea ya maua. Si ya kuliwa na binadamu." Ndani unga mweupe, kama chumvi. Mbolea ya maua! Hapa Nyamarambe ndizi zenyewe tunazitilia samadi — Fred ameanza kupanda maua lini?

Nimempigia Cynthia, mkewe, aliyerudi kwao Ikonge mwezi jana. Ameshangaa kwamba nashangaa. Madereva huiita chumvi. Fred aliionja Desemba ili asisinzie akienda Nairobi. Mwanzo ilikuwa ya safari tu. Halafu hata siku ya kuosha lori. Cynthia alimwambia Mama, akajibiwa kwamba mke mwema hamsemi mumewe.

Kweli, Mama?

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali, Kisii mjini. Moyo wa Fred unakimbia, mwili moto kama jiko. Wamemtuliza kwa sindano. Mkojo umepimwa: hakuna kitu. Bangi hakuna, kokeni hakuna. Mama akapiga vigelegele pale pale kwenye korido!

Daktari Luul, msichana mpole wa sauti ndogo, akamweleza taratibu. Kipimo kinajua dawa za zamani. Wanaopika hizi mpya huzibadilisha kidogo kila mara, kipimo kisizione, sheria isizifikie. Ubongo una kemikali yake ya raha, akasema. Huitoa kidogo kidogo, kisha huirudisha ghalani. Hii chumvi inaimwaga yote kwa mpigo na kuziba njia ya kurudi. Ndio hao watu wa kwenye majani, ndiko huko kutolala. Baadaye ghala ni tupu, na mtu hatafuti tena raha, anatafuta tu kutoka shimoni. Wengine hunaswa haraka sana. Alitaka Fred alazwe.

Mama: "Daktari, mwanangu, si mashine yako imesema hana kitu?"

Nimebisha mpaka koo likakauka. Fred, nusu usingizini, akasema twende nyumbani. Basi. Tukaja nyumbani.

Jumamosi, Sabato, 8 Machi

Fred analala tu. Mama ameshatoa ushuhuda kanisani: pepo limetoka! Mchana mzee wa kanisa, Machogu, amekuja na watu wake, wameimba, wameomba. Nami naomba, si kwamba siombi. Lakini Daktari alisema atalala hivi, ubongo umekauka. Nimesema hivyo kwa sauti. Nimeambiwa imani yangu ni haba.

Jumatatu, 10 Machi

Ameamka. Amekula ugali kidogo. Ametoka nje, ameona shamba.

"Dada, nani amekata?"

Nikamwambia. Alilia mpaka nikakosa pa kutazama.

Kisha akasema mara ya kwanza alihisi kama amewashiwa taa ndani. Tangu siku ile hajaiona tena ile taa, anaifuata tu. Amekubali — Jumatano tunarudi kwa Daktari Luul, alazwe. Amekubali mwenyewe! Nimempigia shati pasi.

Jumatano, 12 Machi

Naandikia ndani ya lori.

Asubuhi Ombui, tajiri wake mwenye lori, amelileta mwenyewe hadi langoni, limejaa ndizi. Safari ya Nairobi. Na aliyempigia simu ni Mama! Eti mwanamume akifanya kazi anapona. Eti kipimo kilisema ni safi. Ombui naye: ndizi hazingoji, hospitali haihami. Nimesema atakufa barabarani, au ataua watu. Nani anasikia? Fred amesimama katikati yetu kama mtoto anayegombaniwa.

Basi nimepanda mimi. Nimefunga milango, funguo nimezikalia. Mama anagonga: "Nyanchoka! Unatuaibisha!" Ombui anasema ataita polisi. Aite! Shajara ilikuwa kwenye mkoba wa hospitali, ndiyo maana naandika — nikiacha kuandika nitafungua.

Fred hagongi. Amepanda ngazi ya mlango wa upande wangu, mdomo kwenye mwanya wa kioo. Anasaga meno tena. Amesema chinichini, Mama asisikie:

"Usifungue, Dada."