Upepo Alioufunga Baba

Jumatatu, 10 Juni 1996

Sijamwambia mtu, hata Mama: Baba hawezi kufunga upepo. Hajawahi. Jana nilimkuta nyuma ya zizi akiviringisha mizizi kwenye kamba, anacheka peke yake. "Mayu," akaniambia, "asubuhi upepo hulala wenyewe. Mimi nauwahi tu."

Alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika. Walipokuja wanunuzi binafsi, akapunguzwa kazi. Sasa ni mfumu, mganga wa kufunga upepo, wa bosi anayejenga kiwanda cha pamba, jengo refu kuliko yote hapa Bariadi.

Jumatano, 12 Juni

Nauza chai pale kwenye ujenzi, kwa dada Apolonia. Leo bosi kaamuru kitambaa chekundu kishushwe kwenye ncha ya kreni. Kikinyooka kwa upepo, Marcelo, dereva wa kreni, husimamisha kazi — bati likishikwa na upepo kule juu haliongozeki. Bosi akasema upepo umeshafungwa, kitambaa cha nini? Msimu wa pamba unafunguliwa, paa bado! Watu wakacheka. Marcelo hakucheka.

Ijumaa, 14 Juni

Vumbi lilitokea upande wa Kasoli mchana. Mabati yalikuwa angani. Yakazunguka! Kaka Magese ndiye huongoza mzigo kwa kamba akiwa chini. Kamba ikamchuna viganja vyote viwili. Mabati yakapita karibu na kichwa chake.

Baba akaitwa. Akasema mbele ya wote kuna mwanamke kairuka kamba ya dawa, kaiharibu. Macho yote kwa Apolonia.

"Mie? Na sufuria langu la chai?"

Kafukuzwa palepale. Baba hakunitazama.

Jumamosi, 15 Juni

Baba "kafunga" upya. Magese kazungushia viganja matambara, karudi kazini. Eti dawa ya Baba haishindwi mara mbili.

Nilimfuata Marcelo kabla hajapanda. Shikamoo. Marahaba. Halafu: upepo haujafungwa.

"Nani kasema?"

"Baba mwenyewe."

Akavua kofia, akaenda kukaa kivulini. Hakunyanyua hata bati moja. Bosi alipomfokea, akajibu tu kwamba mfumu mwenyewe kakiri. Hakunitaja.

Sasa bosi yuko uani kwetu. Baba anaapa kuwa Marcelo ni mwongo, afukuzwe. Magese naye anaapa, na matambara yake mikononi — yeye anaamini kweli.

Baba ananiita. "Mayu! Njoo, sema nawe."

Tafadhali, wewe uliyesoma hapa. Ukiulizwa, si mimi niliyemwambia Marcelo. Si mimi.