Samaki Wangu, Mikono ya Kioko

Jumapili, mwezi wa tano, mtaa wa Kensington, huku kusini mwa Afrika. Jua limewaka mchana kutwa bila kupasha chochote joto, na majani ya mti wa jirani yamejaa uani kwangu. Sijafagia. Nina hasira, na sitaki kujidai kwamba nimechoka tu.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda milimani Mpumalanga kuvua trauti, sisi watatu: Kioko, Deo na mimi. Kioko ni Mkenya mwenzangu, anafanya kazi benki, anakaa mtaa wa Observatory. Ndiye aliyetuambukiza ugonjwa huu wa kuvua kwa nzi bandia, ile ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ionekane kama mdudu. Deo ni fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, mtu wa Bukavu, shemasi kanisani kwetu. Mimi huenda kupiga picha. Nalipenda jukumu hilo, sitasingizia. Msimu huu nyasi za kule zimekauka zikawa rangi ya mkate, na ukungu hukaa juu ya bwawa hadi saa nne.

Sheria ya pale ni moja: kila samaki hurudishwa majini, tena haraka. Deo hadi leo haimwingii akilini, maana kwao samaki akishavuliwa ni mboga. Mimi niliikubali bila kuifikiria. Sikujua kwamba samaki asipofika nyumbani, picha ndiyo samaki, na aliyemo pichani ndiye aliyevua.

Asubuhi ya pili Kioko alinipa fimbo yake ya kuvulia. "Wangui, shika hapa kidogo, wacha nikachukue chai kwenye gari." Nikaweka kamera kwenye nyasi, nikarusha mshipi.

Najua maji ya trauti. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye mto mmoja kwetu Nyeri, akiwabebea wageni mikoba na kuwaonyesha samaki walipojificha. Ukuta wa klabu ya wavuvi ulijaa picha za wageni wameshika samaki aliowatafutia yeye. Hayumo hata katika moja. Nilipokuwa msichana nilimlaumu sana kwa kunyamaza.

Mara ya tatu mshipi ukakaza. Deo, ambaye kwao yaya ni dada mkubwa, akapiga kelele, "Yaya, usimwache! Vuta pole pole!" Nilimchosha, akanichosha. Kioko aliporudi na chupa ya chai, Deo alikuwa ameshamwingiza samaki kwenye wavu. Hatujawahi kuona mkubwa kama yule pale.

Hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Deo alinyoosha mkono nimpe kamera anipige. Nikakataa. Kamera yangu haishikwi na mtu, na Deo akipiga picha hukata watu vichwa. Nina ushahidi wa harusi mbili. Nikamwambia Kioko amshike samaki kwanza nipime mwanga, halafu tutabadilishana. Nikamwelekeza: piga goti, inua viwiko, geuka upande wa jua. Nikapiga nne. Nilipoinama kuziangalia kwenye kioo cha kamera, nikasikia maji.

"Pole, dada," Kioko akasema. "Alikuwa ameanza kuchoka."

Alikuwa amemrudisha.

Siku ile sikukasirika. Sheria ni sheria. Jioni yake nilimtumia Kioko picha kwa sababu ilikuwa nzuri.

Jumatatu nikakuta ameiweka kwenye kundi la kanisa la simuni, hongera zinamiminika. Mtu mmoja alimwuliza samaki alimsumbua muda gani. Akajibu: "Eish, dakika kumi nzima, mgongo bado unauma." Niliyasoma hayo nikiwa kazini, nikaenda kuyasoma tena chooni. Nilingoja aongeze neno, hata la utani. Hakuongeza. Nikamwandikia Deo, maana yeye aliona kwa macho yake. Akajibu: "Yaya, achana na ile maneno. Ni samaki moya tu, na tulishamurudisha mu mayi."

Kweli ni samaki mmoja. Mimi sina mwingine.

Kisha Ndinda, mke wa Kioko, akanipigia simu. Kioko anatimiza miaka arobaini, naye mkewe anataka kumshtukiza: je, naweza kuikuza ile picha na kuitia fremu? Nikasema naweza. Niliisafisha kwa mkono wangu, nikaongeza wekundu kidogo kwenye ubavu wa samaki. Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Niliogopa kuonekana nina kijicho.

Leo baada ya ibada tulikula kwao. Pilau, nyama choma, watoto wanakimbizana kwa Kiingereza chao. Ndinda akafunua fremu, vigelegele vikapigwa, Kioko akafuta machozi, tena ya kweli. Kisha akasimulia. Kila akisimulia huongeza chumvi: leo aliteleza kwenye jiwe, leo mshipi ulimkata kidole. Nilimkazia macho nikitafuta aibu usoni pake. Haikuwepo. Anaamini kila neno, na hilo ndilo lililonitisha.

Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Kitu kimoja tu, Wangui. Hii picha iko sharp. Lakini mbona hukunipiga hata moja nikipambana na yeye? Ulikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Deo akainamia sahani yake. Nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Pole. Nilikuwa nimeweka kamera chini."

Nilimwomba msamaha!

Nimerudi nyumbani, nimeandika haya na kuyafuta mara mbili. Ukurasa huu hausomwi na wengi. Ndugu zangu wachache, wenzangu wawili watatu wa kazini, na Ndinda, ambaye hunisoma kila wiki na kuniachia neno la kunitia moyo. Nikiyachapisha, huenda nisialikwe tena mezani kwake, na mezani kwake ndiko nilikopata nyumba katika mji huu. Nisipoyachapisha, kila Jumapili nitakula chini ya picha ile na kumsifu mpishi.

Basi, Ndinda, dada yangu, ningekwambia leo mchana uso kwa uso kama ningekuwa na ujasiri. Sina picha ya mumeo akipambana na samaki kwa sababu hakupambana naye. Alikwenda kuchukua chai. Fimbo ilikuwa mikononi mwangu.