Mstari Kati ya Matawi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu, ingawa hujifanya anakohoa kila nikikutaja.

Habari kubwa ni kwamba mwalimu wa biolojia amenipa ukuta wa maabara nichore undugu wa viumbe, mimi nisiyeweza hata kuomba chaki bila kutetemeka! Nimesoma sana maktabani, mpaka naviota vitabu vyenyewe. Zamani watu walichora ngazi: mawe chini, kisha mimea, wanyama, na binadamu juu kabisa. Wengine wakafikiria ramani, kana kwamba viumbe ni nchi zinazopakana. Baadaye ukaja mti, wenye shina moja na matawi yanayoachana.

Nikachora mti. Chini ya chokaa, ngazi waliyoichora wanafunzi wa zamani bado ilionekana kwa mbali. Nikaiacha, ikawa kama ndoto ya mti.

Mwalimu akanitoa nje, akanionyesha yale madoa ya kijivu kwenye mawe ya uzio. Alisema kila doa ni kuvu na mwani, jamaa wa matawi ya mbali, wanaoishi kama mwili mmoja. Akaniuliza nitawaweka wapi. Nikarudi, nikavuta mstari kutoka tawi hadi tawi, ukapita hewani. Wenzangu walicheka, wakasema fundi umeme kapita. Mwalimu akasema hata wataalamu siku hizi wengine huchora wavu.

Dada, ulipoondoka ulisema mama yetu ni mmoja, naye ameshakufa, na siku nitakayomwita mke wa Baba "Mama", nisijiite tena mdogo wako. Nimelishika neno lako miaka yote. Nikimhitaji, humsogelea nikakohoa badala ya kumwita, kama Baba.

Jumapili mke wa Baba alikuja kuutazama mchoro. Akaugusa ule mstari, rangi mbichi ikamshika kidoleni. Nikasema, Mama, lete mkono nikufute. Lilinitoka lenyewe, wala sikulirudisha.

Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Mama yetu yuko pale pale shinani, sijamgusa. Na tawi lako lina majani mengi kuliko yote. Rangi imeshakauka, hata ukinikasirikia, siwezi kukufuta.

Nisalimie wote hapo. Ukipata nafasi, njoo uuone ukuta kabla hawajaupaka chokaa.

Bado mdogo wako, ukikubali,
Kimya