Mfuko wa Sanamaki Unarudi Kwako

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binamu zangu wote. Sisi hapa hatujambo kiasi. Baba ni mzima na anakwenda kazini. Mama anakaa, anakula, anaongea na wateja dirishani, ila bado hajarudi kwenye cherehani. Nawe je, hali yako? Safari hii siulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Tumbo lako likoje, Shangazi? Huko mbele utaelewa kwa nini nauliza.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Mimi ndiye yule uliyempa jina la Bubu, kwa kuwa kila ukija nilijificha nyuma ya pazia. Jina hilo lilinifuata hadi shuleni. Sasa nimemaliza, nasubiri matokeo, na kazi yangu kwa sasa ni sufuria, pasi na kutumwatumwa. Haya ninayoyaandika siwezi kukuambia kwenye simu. Ukinikatiza mara moja tu nitameza maneno yote na kusema ndiyo Shangazi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ndani ya kifurushi umeshaona mfuko wa sanamaki uliomtumia Mama juzi. Haujafunguliwa. Nimeurudisha mimi, na sikutumwa na mtu.

Sijasahau wema wako, usije ukasema hivyo. Mama alipovunjika mguu uliacha shughuli zako ukaja. Ulimwogesha, ukamsuka, ukamgeuza kitandani. Kulala kutwa na vile vidonge vya maumivu vilimfunga choo hadi akawa analia. Ukamchemshia majani ya sanamaki, akanywa jioni, kesho yake asubuhi akapata choo na akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Ulimpa jioni chache tu, mambo yakakaa sawa. Hapo hakuna wa kukulaumu. Hata daktari amesema kwa kazi hiyo, kwa muda mfupi, sanamaki ni dawa nzuri, na dukani inauzwa hata ikiwa vidonge.

Ungeishia hapo, leo ningekuwa nakuandikia shukrani.

Siku ya kuondoka ulimkuta Mama anajaribu gauni lake la zamani, zipu imegoma mgongoni. Ukamwambia mbele ya wateja kwamba wifi umekuwa gunia, endelea na majani yako, uchafu wa tumbo ndio unaokunenepesha. Wateja walicheka. Mama pia alicheka. Mimi nilikuwa napiga pasi pembeni, na niliona alivyolikunja lile gauni akalisukuma chini kabisa ya sanduku.

Tangu siku hiyo ikawa kikombe kila jioni. Alipungua, ni kweli, na ulipopigiwa simu ukashangilia. Alichokuwa anapoteza ni maji, Shangazi. Alipokueleza kwamba kikombe kimoja hakisukumi tena, ulimwambia aongeze majani. Akaongeza. Mwishowe bila majani hakupata choo kabisa, naye akaona huo ndio uthibitisho kwamba anayahitaji.

Wateja walimbatiza jina, Mama Dakika Moja. Yuko katikati ya kumpima mtu kiuno, mara anasema dakika moja na kukimbilia uani, tepu ikiwa shingoni. Kuna mama mmoja aliachwa na mikono juu kama mtu aliyekamatwa, hadi akaniuliza mimi kama anaruhusiwa kuishusha. Tulicheka. Sasa hivi sioni kilichotuchekesha.

Baadaye misuli ya miguu ikaanza kumkaza. Vidole vikawa havitulii, ikabidi mimi ndiye nimtilie uzi kwenye sindano. Akasema moyo unapiga kisha unakaa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Asubuhi moja aliangukia cherehani, shavu juu ya kola ya shati la mwanafunzi.

Hospitali daktari aliuliza anatumia dawa gani. Mama akataja vidonge vyake vya presha, vile vinavyomfanya akojoe sana. Daktari akauliza kama kuna nyingine. Mama akasema hakuna. Na hakusema uongo, Shangazi, hilo ndilo jambo lenyewe. Katika nyumba yetu sanamaki si dawa, ni chai. Wewe ndiye uliyeiweka kwenye rafu ya vikombe, karibu na sukari, ukasema kitu cha asili hakina madhara. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kuihamisha.

Daktari alikuwa ameshageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nikasema, "Anakunywa sanamaki kila siku." Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nadhani wodi nzima ilisikia.

Akarudi akavuta kiti. Alieleza polepole kwamba sanamaki hufanya kazi kwa kuuchokoza utumbo ujikaze, ndiyo maana tumbo husokota. Alisema si sumu. Ila mtu asiinywe zaidi ya wiki moja bila kuuliza, kwa sababu kuharisha kila siku kunatoa mwilini maji pamoja na chumvi iitwayo potasiamu, na moyo hauwezi kwenda vizuri bila hiyo. Vidonge vya presha vya Mama navyo vinaitoa. Kwa hiyo alikuwa anamwagika kwa njia mbili, na sisi tunasifia kiuno. Akasema mtu mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito asiiguse kabla ya kuuliza. Nimekuandikia haya yote kwa sababu najua unawapa na wengine.

Njiani kurudi Mama hakuniangalia. Tulipofika mlangoni ndipo aliposema nimemvua nguo mbele ya watu.

Jioni, Mama akiwa ameshakusimulia, ukapiga simu. Ulijua spika iko wazi. Ukasema nimekuwa daktari wa karatasi, shule imenipa mdomo badala ya adabu, na kwamba nataka kuwagombanisha mawifi wawili walioshikana tangu sijazaliwa. Nilikuwa nakunja shuka. Ulipomaliza nikasema ndiyo Shangazi. Nimejichukia kwa ile ndiyo mpaka leo.

Nilidhani hata hivyo yameisha, maana kwenye rafu ya vikombe majani hayakuwepo tena. Juzi nilikuwa natafuta kifungo cha shati la Baba, nikaingiza mkono kwenye kopo la vifungo, nikatoka na majani. Yalikuwa chini, vifungo vimemwagwa juu yake. Mtu mzima, Shangazi, anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikampelekea Baba lile kopo. Alilitazama, kisha akaniambia kitu ambacho ninyi wawili mmekikalia. Kwamba wewe mwenyewe uliacha sanamaki zamani. Kwamba ilikusokota tumbo ukashindwa hata kwenda kazini, ukamwambia kaka yako, ukamwomba asimwambie wifi, maana utaonekanaje. Baba naye akaona aheri amani kati ya dada na mke. Nimeshagombana naye kwa njia yangu, yaani nimemnyamazia, ila kwa kuwa siku zote sisemi, bado hajagundua.

Wewe uliacha, Shangazi. Na baada ya kuacha ukaendelea kumtumia Mama mifuko.

Nimetafuta jina zuri la kitu hicho sikulipata, kwa hiyo nakiacha bila jina.

Nilimwambia Mama. Sikuzunguka. Alinisikiliza huku anapanga vibobini vya uzi kwenye droo, kisha akasema, "Wifi yangu alininawisha nikiwa siwezi hata kujigeuza. Hawezi kunificha kitu kama hicho. Siku atakayoniambia kwa mdomo wake kwamba ameacha, na mimi nitaacha siku hiyo hiyo."

Umesikia? Hamwamini daktari, haniamini mimi. Anakuamini wewe.

Ijumaa anarudi kupimwa damu. Daktari amesema potasiamu ikiwa bado inashuka atalazwa, kwa sababu moyo hautasubiri. Piga simu kabla ya Ijumaa. Usimpigie Baba, mpigie Mama. Usimwambie madaktari wanasema, hilo analijibu. Mwambie uliacha lini, ulikuwa unaumwa nini, na kwa nini ulinyamaza. Mwambie pia mwanzoni choo kitachelewa, asiogope, anywe maji, ale mboga, atembee, utumbo utajikumbusha wenyewe, na kikigoma kabisa amwone daktari. Nimeshamwambia mimi, lakini kwangu maneno hayo hayana uzito.

Na lile neno la gunia ulichukue. Ulilisema mbele ya watu, basi angalau lirudishe kwenye simu.

Kama hutapiga, ujue kwamba anayekwenda kupokea vifurushi kwenye ofisi ya mabasi ni mimi. Kila mfuko utakaoutuma utarudi kama huu ulivyorudi, na kila mara utakuta karatasi ndani. Nina muda. Matokeo bado.

Baba anakusalimu, ingawa hajui naandika nini. Wasalimie binamu zangu, hasa yule mdogo anayelala na viatu, mwambie nimemwekea vitabu vyangu. Salamu za Mama sijatumwa, kwa kuwa hajui habari za barua hii. Angejua ingetoka hapa imejaa salamu zake tupu, maana haipiti siku bila yeye kukusifia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mungu akupe afya, na akupe nguvu ya kunyanyua simu.

Ukipiga, atakayepokea ni mimi. Sema tu nipe wifi. Nitampa, kisha nitasimama pale pale mpaka umalize.

Mtoto wa kaka yako, ambaye bado anakupenda,
aliyekuwa Bubu.