Nilimfungia Baba Mkwe Spika Mpya, Sasa Anarudisha Joho

Mpendwa Mama Bonifasia,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba jina langu lisitokee, maana baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu na ukurasa wako huu anausoma kabla hata ya michezo. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, mkulima wa kahawa hapa Litembo, nimeoa binti wa kule chini ziwani, jirani na Liuli, mke wangu anaitwa Glorious na tunaishi kwa amani, hilo nalisema mapema usije ukadhani nimekuja kulalamikia ndoa. Tatizo langu ni spika za gari.

Baba mkwe ana gari ndogo nyeupe ambayo anaipenda kuliko anavyokiri, ana miaka sabini na miwili, na ameimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao la Anglikana kwa miaka arobaini na moja, na mle garini hasikilizi kitu kingine chochote isipokuwa flashi moja ya nyimbo za kwaya yao walizorekodi Songea. Katika wimbo wao wa mavuno kuna ubeti wa tatu ambapo soprano, alto na teno wote wananyamaza, inabaki besi peke yake, na besi hiyo zaidi ni yeye. Akifika hapo hupunguza mwendo. Nimepanda naye mara nyingi, hupunguza hata kama mbele hakuna kitu.

Sasa mwezi uliopita alinipa gari nipande nayo Litembo wiki moja nibebee mahindi, na wakati ananikabidhi ufunguo akasema spika za milangoni zimechoka kwa umri, zinakoroma kwenye sauti za chini, akatania kwamba zinamkoromea yeye. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumshukuru mzee, nikaagiza spika mpya Songea zikaja na basi, nikaangalia video kwenye simu siku mbili tatu, yule jamaa wa kwenye video alimaliza mlango mzima kwa dakika nane huku anacheka, nikasema kama mashine ya kumenyea kahawa naifungua na kuifunga mwenyewe, spika zitanishinda nini.

Nikafungua mlango, nikavunja vibanio vinne vya plastiki vinavyoshikilia ubao wake wa ndani, humo nikakuta nailoni imebandikwa tangu kiwandani, nikaona inanizuia tu, nikaibandua, na ya mlango wa pili hivyo hivyo, na kwa kuwa ilikuwa nailoni nzito nzuri nikaipeleka kufunikia kahawa kichanjani. Soketi ya zamani haikuingia kwenye spika mpya, nikaikata, na baada ya kuikata ndipo nikaona kwamba rangi za nyaya hazifanani na za kwenye video, basi upande wa kulia nikakisia, na wa kushoto nikakisia pia. Nilipowasha redio sauti ikatoka kubwa, kali, matangazo yakasikika hadi kwa jirani, nikajipongeza.

Nikarudisha gari Jumapili baada ya ibada, nikamwamkia mzee, nikamwambia zawadi yake iko mle ndani. Akaingia, mama mkwe na Glorious wakakaa nyuma, nikachomeka flashi. Alisikiliza kwa furaha, akasifu soprano zinavyosikika safi, hadi ukafika ubeti wa tatu. Mama, besi haikuwepo, au tuseme ilikuwepo kama mtu anayeimba ndani ya debe nyumba ya tatu kutoka hapo. Mzee akarudisha ubeti nyuma, akasikiliza tena, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, mara tatu. Halafu akazima redio, akasema taratibu, "Wenzangu wote nawasikia. Mimi simo."

Akanishika mkono, akanishukuru, akasema spika ni nzuri kabisa, ila masikio yake ndiyo yamekwisha, na kwamba alikuwa akilihofia hilo siku nyingi. Glorious akamsihi apande kwetu apimwe hospitali, akajibu kuwa masikio ya miaka sabini na miwili hayana spea. Wiki hiyo hiyo akamwambia kiongozi wa kwaya kwamba mtu asiyejisikia mwenyewe atawapotosha wenzake, hivyo Jumapili ya mavuno atarudisha joho lake la kwaya. Mama mkwe ameshalifua na kulipiga pasi, limetundikwa nyuma ya mlango, na kwenye simu anamwambia Glorious kuwa mzee siku hizi hapigi hata mluzi akipalilia bustani yake.

Nikaenda kwa fundi redio mmoja wa Mbinga mjini, anaitwa Methodi, nikamweleza, hakuniacha nimalize, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe spika zina chanya na hasi, na ukigeuza nyaya za upande mmoja, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, zinapingana, na kinachopotea kwanza ni sauti ya chini. Masikio ya mzee hayana kitu. Ni mimi.

Sasa Mama, huku kwetu mkwe hapeleki neno zito kwa baba mkwe uso kwa uso, linapitia kwa mshenga, na mshenga wangu ni Nazari, mtu mwema sana, lakini ukimpa neno asubuhi, mchana akina mama wanaoanika usipa, wale dagaa wa ziwani, ufukweni wanalo. Glorious anasema nishuke kimyakimya siku mzee yuko shambani, nigeuze nyaya, nifunge mlango, mzee atajisikia mwenyewe na ataamini Mungu amemponya. Hilo ndilo naliogopa zaidi, maana namjua, akipona atasimama kanisani kutoa ushuhuda na atachinja mbuzi wa shukrani. Nikisema ukweli nitakuwa mkwe aliyekata nyaya za gari la watu bila ruhusa. Nikinyamaza joho linaondoka. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Bisibisi, Litembo


MAMA BONIFASIA ANAJIBU

Mkwe Mwenye Bisibisi, pole. Hiyo pole ni ya kweli, kwa hiyo ishike vizuri kabla sijaanza kukugombeza.

Wakwe wengi wanaoazima gari huirudisha haina mafuta na kiti kimejaa pumba. Wewe uliirudisha na zawadi. Moyo wako sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mikono yako. Ulifungua mlango wa gari la mtu bila kumwuliza, ukakata soketi kabla ya kuandika waya upi unakwenda wapi, ukakisia, na baada ya kukisia ukakisia tena. Mashine yako ya kahawa ungeifanyia hivyo? Na ile nailoni, baba, haikuwekwa kiwandani kwa urembo. Inazuia maji yanayoteremka na kioo yasifike kwenye ubao wa mlango na kwenye spika. Novemba mvua zikianza, zawadi yako itaoga. Nilicheka peke yangu ofisini nilipofika kwenye kichanja.

Halafu nikafika kwenye yale maneno ya mzee kwamba wenzake anawasikia, yeye hamo, nikaiweka barua mezani. Yananiuma mpaka sasa ninapoandika. Mtu ameimba miaka arobaini na moja, na amekaa kwenye gari lake mwenyewe akaambiwa kwamba hayumo. Na pamoja na hayo akakushika mkono akakushukuru. Wewe una baba mkwe wa namna hiyo na unaogopa kuongea naye?

Glorious ni mke mwema, lakini ushauri wake usiufuate. Wewe mwenyewe umeshaona kwa nini. Siku ya mbuzi wa shukrani utakaa benchi la ngapi, na nyama itapita vipi kooni? Tena liko baya kuliko mbuzi. Mzee akiamini masikio yalikufa yakafufuka, atajua yanaweza kufa tena. Kila atakapokosa neno moja kwenye mahubiri atalikumbuka joho. Hutakuwa umemrudishia masikio, utakuwa umemwazima.

Kuhusu mshenga, desturi yenu naiheshimu, na mimi pia nimeolewa kwa mshenga. Lakini desturi hiyo iliwekwa ili usimkosee mkweo adabu. Haikuwekwa ili umwache na huzuni uliyomletea kwa mikono yako. Kwa hiyo nenda na Nazari, mwite mapema, mweke nyuma yako, na mwambie kazi yake ni kushuhudia tu, maneno utayasema wewe. Baada ya hapo mwachie. Kwa mara ya kwanza mdomo wake utafanya kazi ya maana: kabla usipa haujakauka, ufukwe mzima utajua kwamba masikio ya Mwalimu ni mazima.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Leo hii toa nailoni kichanjani, ioshe, ikaushe, nunua gundi ya kuibandikia na vibanio vinne vipya. Pita kwa fundi Methodi, mpe heshima yake, mwombe akuoneshe chanya na hasi kwa betri ndogo ya rimoti: ukigusisha nyaya za spika kwenye betri, chanya kwa chanya, ile karatasi ya spika inaruka nje, ukigeuza, inaingia ndani. Jifunze hapo mpaka uache kukisia.

Kisha shuka ziwani. Usiguse gari mpaka mzee awepo na amekuruhusu. Mwamkie, keti, mwambie yote kuanzia bisibisi mpaka kichanja, usijitetee. Akitaka kukugombeza, mwache, ni haki yake. Baada ya hapo mwombe akae kwenye kiti chake cha dereva. Mpigie kwanza ubeti wa tatu kama ulivyouharibu, akose kujisikia kwa mara ya mwisho. Fungua mlango mbele ya macho yake, skrubu ashike yeye. Geuza nyaya za upande mmoja. Nimesema mmoja, maana wewe nakujua, ukigeuza pande zote mbili umerudi palepale. Rudisha ubeti nyuma. Kabla hujabonyeza, mwambie, "Baba, hukupotea. Nilikuondoa mimi." Halafu bonyeza, na ufunge mdomo. Usimtazame usoni wakati anasikiliza; tazama ziwa.

Kisha apande Litembo apimwe masikio hata hivyo, kwa amani, kama kila mtu wa umri wake anavyopaswa.

Mwisho, kuhusu siri yako. Jina nimelificha kama ulivyoomba, na ya wenzako nimeyabadili. Lakini spika, ubeti wa tatu na joho sikuweza kubadili, kwa sababu barua yenyewe ndiyo hayo, na Mwalimu akishavaa miwani hahitaji jina. Gazeti hili linafika Mbinga Alhamisi. Kule chini linafika Jumamosi, na mavuno ni Jumapili. Una leo na kesho.

Na wewe Mwalimu, kama umefika kwenye mstari huu kabla mkweo hajafika kwako: shikamoo. Masikio yako hayana kosa. Litoe joho nyuma ya mlango, ulivae.