Kocha Remo Amemweka Tresch Benchi

Isenthal, 27 Septemba 1998

Mwanangu Remo,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti linamsumbua mama yako. Ng'ombe wameshuka salama kutoka mlimani. Nawe waendeleaje?

Nimekuona kwenye televisheni na skafu yako ya hariri, unatafuna Kijerumani cha wakubwa utadhani hukuzaliwa kwetu huku milimani. Eti Tresch, nahodha wako, umemweka benchi kwa kuwa "akili yake haijatoka zizini". Tresch huyu mliyekua naye mlango kwa mlango! Wewe ulicheza beki miaka kumi na miwili, na goli lako linalokumbukwa ni lile ulilojifunga. Leo umekuwa profesa wa mashambulizi? Mwombe radhi.

Baba yako,
Alois

Zürich, 5 Oktoba 1998

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mpe pole.

Soka la leo si kukamua. Tresch ana miguu mizito, na kichwa kizito zaidi. Siombi radhi kwa mtu anayekimbia kama kabeba debe la maziwa. Nawe ukitaka kunifundisha kazi, anza kwa kuwafundisha ng'ombe wako kupiga kona.

Mwanao,
Remo

Isenthal, 20 Desemba 1998

Mwanangu,

Usingizi unaupata? Huku theluji imefika madirishani.

Tumesikia redioni: umefukuzwa, na timu kapewa Tresch. Wewe kimya, hata mstari mmoja. Yeye alikuja Jumapili akanywa kahawa nasi. Anatafuta msaidizi, na anakutaka wewe. Nilicheka mpaka mama yako akanikanyaga mguu.

"Huyo?" nikamwambia Tresch. "Huyo hawezi kupanga hata kuku."

Akajibu, "Mzee Alois, mpira anaujua. Watu ndio asiowajua."

Mjibu mwenzio.

Baba yako

Toggenburg, 14 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Afya ninayo.

Tresch nilimkatalia. Mimi, msaidizi wake? Afadhali nichunge bata. Nikachukua timu ya kijiji huku, daraja la chini kabisa, niwaonyeshe wote kazi.

Jumamosi tumefungwa saba bila. Niliwafokea, "Magunia ya viazi ninyi!" mpaka sauti ikakauka. Kipa wetu, daktari wa meno mwenye kitambi, akavua glavu, akanitazama kwa huruma.

"Kocha, sisi tunakuja hapa kwa sababu tunaupenda mchezo. Wewe je?"

 Tangu siku hiyo nalitafuta jibu.

Jumapili tunacheza tena. Njoo utucheke, lakini uje.

Mwanao,
Remo